Mke Asiyekunywa Maziwa

Verdiane alizaliwa Nyabiondo, kwa wakulima wa maharage na mihogo, na utotoni alikunywa maziwa mara moja tu, akatapika. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini aliolewa Burungu, kwenye familia ya wafugaji ambao asubuhi yao ilianza kwa maziwa na jioni yao ilikwisha kwa maziwa. Mume wake, Ladislas, alikuwa mtu mpole, mrefu, asiyependa maneno. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Aliyetawala nyumba alikuwa mama mkwe, Kamaliza, ambaye alizunguka boma asubuhi na jioni kana kwamba anahesabu vitu vilivyoibwa.

Katika nyumba ile, anayempa mtu maziwa alipaswa kuonja kwanza, mbele ya macho yake, ili ionekane kwamba hakuna kibaya ndani. Verdiane alifundishwa hivyo wiki ya kwanza. Lakini funda moja lilitosha kumkata tumbo siku nzima. Basi alipompelekea mume wake icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa, aligusisha midomo kwenye ukingo, akakishusha, akajifuta kwa kiganja.

Kamaliza hakuwa anatazama midomo. Alikuwa anatazama koo.

"Koo yake haichezi," alimwambia jirani yake Mukandori. "Mwezi ya pili sasa. Anagusa, hamezi."

"Labda iko haya tu," alisema Mukandori.

"Haya? Muntu wa kula maharage hana haya."

Maneno hayo yalikaa hapo, kama jiwe lililowekwa kando ya njia na mtu anayejua kwamba atalihitaji. Mwaka ukapita. Verdiane akazaa mtoto wa kike, Godelieve, na Kamaliza akampenda mtoto kwa nguvu zote, huku akiendelea kumtazama mama wa mtoto kooni.

Kisha mgongo wa Ladislas ukaanza kuuma.

Uliuma chini kabisa, pale mkanda unapokaa. Ilikuwa miezi ya kazi ya barabara, wanaume wakibeba mawe kutoka mtoni, na mwanzoni hakuna aliyeshangaa. Lakini wenzake walipumzika siku mbili wakapona, naye hakupona. Kapita wao, yaani msimamizi wa kazi ya barabara, Édouard, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Ladislas, ile mugongo yako inasoma kalenda? Siku ya soko inanyamaza, siku ya mawe inalia."

"Inauma kweli, kapita."

"Basi twende kwa munganga. Yeye njo atasema kama inauma kweli ao inauma kwa mudomo."

Mganga huyo alikuwa Symphorien, mwuguzi wa dispensari ndogo iliyokuwa mwendo wa asubuhi moja. Alikuwa na miwani na sauti ya chini, na alikuwa ameshaona wanaume wengi ambao ugonjwa wao ulianza siku ya kazi na kwisha jioni yake. Alimlaza Ladislas chali, akamwinua mguu mmoja ukiwa umenyooka, kisha wa pili. Kama mshipa wa fahamu ungekuwa umebanwa, maumivu yangeshuka kama moto mpaka kwenye unyayo, lakini hayakushuka. Kisha akamsimamisha na kumbonyeza utosini kwa vidole viwili, polepole sana. Ilikuwa mitego yake ya siku zote: mtu anayejisingizia ugonjwa hupiga kelele hapo, kwa sababu anadhani kila kinachoguswa kinapaswa kuuma. Ladislas alinyamaza.

"Hadanganyi," Symphorien alimwambia kapita. "Lakini si kitu kikubwa. Misuli imechoka na mawe." Akampa aspirini, akamwambia akandwe kwa kitambaa cha moto. "Na usilale siku nzima, Papa. Mugongo ya kawaida inapona na kutembea."

Ushauri huo ulikuwa mzuri kwa migongo mingi. Ladislas aliufuata. Alitembea kila siku akiwa ameuma meno, na kila wiki alizidi kukonda.

Maumivu yakaanza kumwamsha kabla ya ng'ombe kuamka. Alitoka jasho akiwa hajafanya kazi. Godelieve, aliyezoea kubebwa mabegani, alikuja siku moja akanyoosha mikono, na baba yake akageuza uso ukutani. Kamaliza akaita mtu wa kuumika. Yule mzee alimchanja Ladislas kiunoni, akabandika pembe zake, akavuta damu nyeusi, akaitazama juani kwa muda mrefu.

"Hii haikuingilia mugongoni," alisema. "Ilipita kinywani."

Kamaliza alikuwa ameshageuka kutazama jikoni.

Jikoni kulikuwa na siri kweli, na siri hiyo ilikuwa ya Verdiane. Alipokwenda kujifungua kwenye nyumba ya wazazi ya misheni, mwanamke mmoja aitwaye Rosalie, aliyefundisha akina mama wachanga, aliwaambia kwamba maziwa ya mtoto lazima yachemshwe, la sivyo mtoto ataharisha. Verdiane hakubishana naye. Alichokuwa hajui Rosalie, au alichokuwa hataki kukijua, ni kwamba kwa wafugaji wa Burungu maziwa hayawekwi motoni. Ukichemsha maziwa, unaunguza kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa. Chuchu zinapasuka, ng'ombe anakauka. Hata kuyamwaga karibu na moto ilikuwa balaa. Kwa hiyo Verdiane alichemsha kwa kujificha, nyuma ya jiko, katika chungu kidogo alichokifunika kwa majani ya mgomba.

Maziwa hayo aliyatoa kwenye mabaki ya Ladislas, na maziwa ya Ladislas yalitoka kwa ng'ombe mmoja tu, Gaju, ambaye baba yake alimwachia kabla ya kufa. Gaju hakukamuliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Na sasa Gaju alikuwa amekonda, akikohoa kila alipopanda mlima, na maziwa yake yalikuwa yanapungua. Verdiane aliona hayo, akaogopa. Alidhani ni moto wake.

Mukandori ndiye aliyemfuma. Alipita nyuma ya nyumba kuomba kaa la moto, akamwona amechuchumaa mbele ya chungu kinachotoa povu jeupe. Hakuwaza kwamba ni maziwa yanachemshwa, maana nani mwenye akili angefanya hivyo? Akaenda moja kwa moja kwa Kamaliza.

"Anapika kitu cheupe. Aliponiona alikifunika na mukono. Mukono, Kamaliza! Juu ya moto!"

Siku ile ile Kamaliza alikitafuta chungu, akakipata, akakuna ukoko mweupe uliokauka ndani kwa ukucha na kuunusa. Akakirudisha mahali pake. Tangu hapo maziwa ya Ladislas aliyabeba mwenyewe, na chakula chake alikipika mwenyewe, akikaa na mgongo ukutani ili mtu asipite nyuma yake.

Ladislas naye aliacha kula kwa mkono wa mke wake. Hakumwambia, alisema tu hana njaa, kisha Verdiane akamsikia akitafuna upande wa pili wa pazia, kwa mama yake. Mara moja tu aliuliza.

"Verdiane, ulikuwa unanipa nini?"

"Chakula."

"Na ile chungu?"

Verdiane alifungua mdomo. Akamkumbuka Gaju na kiwele chake kilichosinyaa. Angesema nini? Kwamba hakumtilia mume sumu, ila tu alikuwa anamkausha ng'ombe wa marehemu baba yake? Akanyamaza, na Ladislas akaelewa ukimya huo kama walivyouelewa wengine.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Kamaliza alituma mtu Nyabiondo kwa Papa Michel, baba yake Verdiane: aje Jumapili inayofuata amchukue binti yake. Mtoto angebaki. Mtoto alikuwa wa nyumba ya Ladislas.

Verdiane alilia siku moja, kisha akaacha. Alianza kumfundisha Godelieve kunywa maji kwa kikombe peke yake, kula kwa mkono wake, kulala bila kushika nguo ya mtu. Mukandori alipoliona hilo alisema: "Munaona? Anajitayarisha kutoroka."

Katikati ya wiki ile, Ladislas alishindwa kuinua mguu kuvuka kizingiti. Mguu ulisita, kama haujui tena njia. Wajomba zake wakatengeneza machela, wakambeba kwenda dispensari. Kamaliza akafuata nyuma na fimbo yake, na akataka Verdiane aje pia na mtoto mgongoni.

"Simwachi ku nyumba peke yake," alisema. "Mahali niko, yeye iko. Macho yangu haitatoka kwake mpaka baba yake afike."

Symphorien aliwaona wakitokea bondeni na akakunja uso. Kazi ya barabara ilikuwa inaanza tena, na machela alikuwa ameyaona mengi. Walipomshusha Ladislas, akashikilia ukuta na kusimama, mwuguzi alivua kofia yake akaiacha ianguke sakafuni, kama kwa bahati mbaya.

"Papa, unisaidie na ile kofia."

Kila mtu hujipinda kuokota kitu, hata mwenye maumivu. Anayejisingizia hujipinda akipiga mayowe. Ladislas hakujipinda. Alikunja magoti na kushuka wima, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, mkono mmoja ukiwa umeegemea paja. Akaishika kofia. Kisha akapanda kwa mikono yake mwenyewe, akijishika goti, paja, nyonga, mpaka akasimama. Hakutoa sauti. Jasho tu lilikuwa linamtiririka puani.

Symphorien hakuichukua kofia. "Vua shati," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alipitisha kidole chini ya uti wa mgongo, mfupa baada ya mfupa, polepole, mpaka kidole kikakwama. Mfupa mmoja ulikuwa umejitokeza kidogo, kama fundo kwenye kamba. Alipougonga kwa ngumi nyepesi, Ladislas alilia kwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mtoto. Mwuguzi akampima magoti, akamkwaruza nyayo, akamwuliza kama anasikia. Alisikia, lakini mguu wa kushoto ulikuwa dhaifu.

"Hii haiko misuli. Iko kifua kikuu."

"Kifua!" Kamaliza alicheka kwa hasira. "Mutoto yangu anaumwa mugongo, na hakohoi hata kidogo. Munganga, unaangalia muntu gani?"

"Kifua kikuu inaweza kuingia ndani ya mufupa, Mama. Inakula mufupa polepole. Yeye hakohoi, ndiyo. Lakini nyumbani nani anakohoa?"

Walitazamana.

"Gaju," alisema Ladislas.

"Gaju iko nani? Muko naye hapa?"

"Iko ngombe."

Mjomba mmoja aliyekuwa mlangoni alipasuka kwa kicheko, kisha akaona uso wa mwuguzi, akanyamaza. Symphorien alikuwa ameketi. Aliuliza nani anakunywa maziwa ya Gaju, wakamwambia: Ladislas peke yake, na mabaki ni ya mtoto. Akaomba mtoto. Alimpapasa Godelieve shingoni na makwapani, akamkandakanda mgongo, akasikiliza kifua chake kwa muda mrefu. Mtoto alimvuta miwani. Alikuwa mnene, mwenye mikunjo mikononi.

Mwuguzi aliinua macho, na sasa yeye pia alikuwa na shaka.

"Mutoto anakunywa maziwa ile ile, na iko muzima hivi? Munanificha kitu."

"Muulize huyu!" Kamaliza alimnyooshea Verdiane fimbo. "Sema! Sema mbele ya munganga, ile chungu iko ya nini!"

Verdiane alimtazama mtoto mikononi mwa mwuguzi. Jumapili ilikuwa karibu. Hakubaki na cha kulinda.

"Nilikuwa ninachemusha maziwa ya mutoto," alisema. "Tangu alipozaliwa. Kwa siri."

Kamaliza alikaa chini taratibu, kama mtu ambaye amepata kile alichokitafuta na kukikuta kibaya zaidi.

"Uliweka maziwa ya Gaju ku moto?"

"Ndiyo, Mama."

"Njo maana anakauka! Njo maana anakohoa! Ngombe ya mume wangu!"

"Ngombe anakauka juu ya ugonjwa, Mama," alisema Symphorien. "Moto haikumugusa. Ugonjwa iko ndani ya maziwa yake. Ukichemusha, ule ugonjwa unakufa. Ukikunywa mbichi, ugonjwa unaingia ndani yako. Kama unawaza sumu ilipita kinywani, uko na haki. Lakini hakuna muntu aliyeiweka."

"Wewe!" Kamaliza alimgeukia. "Mara ya kwanza ulisema mawe. Leo unasema ngombe. Kesho utasema mwezi? Mimi nimekunywa mbichi tangu nizaliwe, mugongo yangu iko wapi imevunjika?"

"Si kila anayekunywa anagonjwa. Na si kila ngombe iko na ugonjwa. Kuhusu mawe, nilikosa. Sasa lazima aende ku hospitali ya Goma."

Kamaliza hakuwa amemaliza. Alikuwa na swali moja zaidi, na lilikuwa kali kuliko yote, hata Symphorien aliweka kalamu chini alisikilize.

"Sawa. Tuseme iko vile. Mutoto wake alimuchemushia, mume wake akamwachia mbichi. Juu ya nini? Aliyejua dawa ya moja, juu ya nini hakumupa mwingine?"

Ladislas pia alikuwa anasubiri jibu.

"Rosalie alisema mutoto ataharisha," alijibu Verdiane. "Kuhusu wanaume hakusema kitu. Ya mugongo ninaisikia leo kama ninyi. Na kama ningejua, Mama, nikuje kukuambia wewe: lete maziwa ya Ladislas niyapike. Ungenipa?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake walilijua wote mle chumbani.

Aliyezungumza alikuwa Ladislas, akiwa ameegemea ukuta bila shati. "Papa Michel akija, mumupokee kama mugeni. Muke hachukuliwi na baba yake akiwa hana kosa. Mimi ninaenda Goma, kama munganga anasema. Na Verdiane njo atanipikia."

"Verdiane!"

"Wewe ukikuja, Mama, nani atakamua?"

Huo ndio ukweli ulioamua jambo. Kamaliza hakumwachia mtu ng'ombe zake. Alikubali kwa sharti moja: mtoto abaki naye Burungu. Safari hii ilikuwa zamu ya Verdiane kushikwa na shaka. Alimwomba mama mkwe achemshe maziwa ya Godelieve, hata kidogo, hata kwa kujificha. Kamaliza alimtazama tu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na Verdiane akapanda lori la Goma na kutojua huko moyoni.

Hospitalini walipiga picha ya mifupa, wakauona ule mmoja ulioliwa. Wakamlaza Ladislas ndani ya plasta kama ndani ya mtumbwi, chali, asijipinde wala asijigeuze, na kila siku sindano za dawa ya kifua kikuu. Ingechukua miezi mingi, walisema. Hakuweza kuinua kichwa. Chakula kililetwa na mke wake, kijiko kwa kijiko.

Siku ya kwanza alifunga midomo. Aliutazama uji, akamtazama aliyeushika, na mazoea ya miezi yote ile yakamjia.

Verdiane alisubiri. Mwishowe akasema: "Baba Godelieve, ukikataa nitakula mimi. Tangu asubuhi niko na njaa."

Ladislas alicheka. Kicheko kilimwuma mpaka machozi, kikamfungua mdomo, na kijiko kikaingia.

Walirudi Burungu msimu wa mavuno ya maharage. Ladislas alitembea kwa miguu yake, mgongo umekauka wima kama mlango. Hakuweza tena kujipinda wala kubeba jiwe, na kapita Édouard alimfuta kwenye orodha ya kazi ya barabara bila utani. Gaju alikuwa amekufa kiangazi kile, na Kamaliza alikuwa amekataza watu kula nyama yake, bila kueleza sababu.

Verdiane hakusalimia mtu. Alimkimbilia Godelieve, akamvua gauni, akampapasa shingo na mgongo mfupa kwa mfupa, kama alivyomwona Symphorien akifanya. Mtoto alikuwa mzima. Kisha akaingia jikoni, akanusa vyombo, kimoja baada ya kingine.

"Unatafuta nini?" Kamaliza alisimama mlangoni. "Unanipeleleza?"

"Ndiyo, Mama. Ulikuwa unachemusha?"

"Mimi? Mimi niunguze ngombe zangu juu ya maneno ya muntu anayechanganya ugonjwa na mawe?"

Verdiane alimgeukia. "Basi ulimupa mbichi!"

"Nikamupa mbichi, halafu munganga aseme nimemuua?" Kamaliza alipiga fimbo sakafuni. "Sikumupa kitu. Munganga simuamini, wewe sikuamini, na ngombe tangu Gaju siamini tena. Alikuwa anakula uji ya mutama na maharage. Kila siku. Mutoto ya mufugaji, maharage! Sasa ananikatalia maziwa kabisa, anatapika, kama mama yake."

Verdiane alikaa chini palepale kati ya vyungu na kuanza kucheka, na hakuweza kuacha. Kamaliza alimtazama kwa muda, macho yamebanwa, akijaribu kuelewa anachekwa nani.

"Inuka," alisema mwishowe. "Mume wako hajakula. Upike, mimi nitakaa hapa."

Akavuta kigoda mpaka karibu na moto, akaketi, akatazama kila kilichoingia chunguni.